Kitu kidogo kikivuta vyengine: khasa nini kinachosukuma?

#1 Kijana wa Kwerekwe

Assalaam alaykum.

Tarehe 1 Januari, bonanza la mazoezi, uwanja wa Amani hapatoshi. Fulana mpya, viatu vipya, picha mpaka simu zikaisha chaji. Ilipofika Mapinduzi njia ya asubuhi imebaki na wazee wale wale wa kila mwaka. Wengine sote tumerudi kwenye shuka.

Mie mwaka huu sikuahidi kitu. Nilichofanya ni kimoja tu: nikishasali alfajiri sirudi kulala. Basi. Lakini ukiwa macho saa kumi na moja na nusu na nyumba nzima imelala, utafanya nini? Nikaanza kutandika, nikafagia ukumbi, mara najikuta nakwenda kwa miguu kununua boflo badala ya kumtuma mtoto. Siku hizi nafika kazini kabla ya mwenye funguo. Hata deni la duka la Mpemba limepungua, na sikumbuki siku niliyokaa nikapanga kulipunguza.

Kwa hiyo madai yangu: anayetaka kubadilika asianze na kubwa. Aanze na dogo ambalo hata akiwa na homa atalifanya, lile dogo litavuta la pili. Suali langu kwenu: linavuta kwa nini? Ni nafsi, ni mwili, ni baraka, au ni bahati tu mie najipa sifa?

#2 Boflo la Moto

Kwanza tuambie boflo unanunua wapi. Hayo mengine baadae.

#3 Mpemba wa Konde

Naona nishatajwa. Deni limepungua kwa sababu mwenye duka kakukatia mkopo, yakhe. Kitanda hakimo.

#4 Kijana wa Kwerekwe

Hahaha, Mpemba wa Konde, Mungu anakuona. Boflo la Moto, nyuma ya soko, kwa yule mzee mwenye baskeli ya bluu. Ikishapita saa moja hukuti kitu.

#5 Ustadh wa Jioni

Waalaykumu salaam. Suali hili jawabu lake ni kongwe. Imo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha, Mungu amridhie, kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo.

Lakini nakupinga kidogo uliposema dogo litavuta. Nasomesha chuo cha Kurani, naona watoto wanavyohifadhi. Msahafu wa chapa ya Madina una kurasa 604. Ukurasa mmoja kwa siku bila kukatiza, mtu anamaliza kwa mwaka mmoja na miezi minane hivi. Kwenye karatasi ni rahisi. Chuoni mtoto anakuja na aya tano mpya, anazisoma kama maji, nikimrudisha za juzi anaanza kuangalia dari. Dogo la jana linataka murajaa. Usipolirudia, la leo linakaa juu ya shimo. Nimeona watoto wepesi walioishia juzuu ya pili, na wazito waliomaliza, kwa sababu wazito walikuwa wanarudia mpaka nyumbani wanachokwa.

#6 Dada wa Jang'ombe

Wataalamu wanasema ni siku 21. Ukifululiza siku 21 imeshakuwa tabia, huna haja ya kujilazimisha tena. Mtoa uzi umeshafika?

#7 Mwalimu Hesabu

Dada wa Jang'ombe, hiyo 21 ina safari ndefu. Imetoka kwa daktari wa Marekani, Maxwell Maltz, aliyekuwa akifanya upasuaji wa kurekebisha sura. Mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya kwenye kioo. Watu wakaitupa "angalau", wakaitupa na pua, ikabaki 21.

Utafiti wenyewe wa tabia ulikuja baadae sana. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo moja dogo, kama kunywa maji na chakula cha mchana au kukimbia kabla ya chakula cha usiku. Wastani wa kufika mahali jambo linajifanya lenyewe ulikuwa siku 66. Wa haraka 18, wa mwisho 254. Na kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana, jambo ambalo watu wanaokata tamaa siku ya kwanza waliyokosa hawalijui.

#8 Fundi Vespa

Mwalimu, skuli sikumaliza lakini hesabu hii nimeiweza. Wiki 12 ni siku 84. Hiyo 254 kaiona nani?

#9 Mwalimu Hesabu

Fundi, suali zuri kuliko nilivyotegemea kutoka kwa mtu wa spana. Hakuna aliyeiona. Walichora mstari wa namna kila mtu alivyokuwa akizoea, halafu wakakisia ungefika juu lini kama ungeendelea vile vile. Kwa hiyo 254 ni makadirio.

#10 Fundi Vespa

Ahaa. Kama mie ninavyomwambia mteja "Ijumaa".

#11 Mtu wa Bara

Wakuu, habari za visiwani. Kuna jenerali mmoja wa Marekani alishasema, ukitandika kitanda asubuhi umeshashinda jambo la kwanza la siku, na hilo linakupa nguvu ya la pili. Mtoa mada yuko sahihi kabisa.

#12 Mwalimu Hesabu

Si jenerali. Ni admirali wa jeshi la majini, William McRaven, na alisema hayo mwaka 2014 kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Texas.

#13 Dada wa Jang'ombe

Kwetu kitanda kimoja watu watatu. Nikiamka wa kwanza nitandike juu ya nani?

#14 Mpemba wa Konde

Na mwanajeshi asipotandika kuna wa kumkagua. Muondoe mkaguzi uone shuka litakavyolala. Mie naona hapo ndo penye siri, wala si kitanda.

#15 Bi Mwani wa Paje

Nimesoma kote, nyote mwasema kila siku, kila siku, siku 21, siku 66. Mie nalima mwani. Kazi yangu haiendi kwa siku, yaenda kwa maji.

Bamvu likija, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inakupwa mbali na sote tuko pwani. Asubuhi nishatoka, adhuhuri inanikuta majini, nikirudi mgongo si wangu. Maji mafu yakija, bahari haitoki vya kutosha, niko nyumbani natengeneza kamba na taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, napika kwa nafasi. Na hata ndani ya bamvu lenyewe saa haikai, kila siku maji yanachelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Sasa mie hilo jambo la saa ile ile kila siku niliweke wapi?

Alikuja mtu wa semina akatufundisha kuandika matumizi kila usiku kabla ya kulala. Maji mafu niliandika vizuri, mwandiko mzuri na mistari. Bamvu likifika usingizi unanikamata na kalamu mkononi. Wenzangu wote vile vile, madaftari sasa yanafungia bajia.

Kilichonifaa nimekifunga kwenye bamvu. Siku ya kwanza ya kushuka, kabla sijagusa kazi nyengine, nazunguka shamba langu lote, kamba iliyolegea naikaza hapo hapo, taitai iliyokatika naifunga hapo hapo. Zamani nilikuwa nafanya pale ninapopafikia, mwisho wa shamba unaliwa na mawimbi. Jambo dogo, robo saa. Lakini mwani unakaa majini kama siku 45 ndipo tunavuna, kwa hiyo faida yake naiona baada ya mabamvu matatu. Je, huo nao mwauita ushindi mdogo wa kila siku? Mbona mie sikuonja ushindi wowote siku ile, nilionja chumvi tu.

#16 Kijana wa Kwerekwe

Bi Mwani, hii imenigusa. Sikuwahi kufikiria kuwa kuna mtu saa yake inatembea.

#17 Boflo la Moto

Bi Mwani, mwani wako ni aina ya spinosamu au ile kotonii?

#18 Bi Mwani wa Paje

Spinosamu. Kotonii ina bei nzuri lakini maji yakipata moto inakufa, na maji ya siku hizi yanapata moto. Wanawake walioanza kilimo hichi huku kwetu 1989 wanasimulia ilivyokuwa ikikubali. Tusitoke nje ya mada lakini.

#19 Mke wa Fundi

Mie nina langu. Nyote mwazungumza kama mtu anaishi peke yake.

Sukari ilinipanda kidogo, daktari akaniambia punguza. Nikachagua dogo kama anavyosema mtoa uzi: chai ya asubuhi bila sukari. Dogo eeh? Nyumbani kwetu chai inapikwa sufuriani, maziwa, iliki, tangawizi, na sukari inatiwa humo humo inapochemka. Ikifika kwenye chupa imeshakuwa tamu, hakuna cha kijiko cha kupunguza. Ili nipate kikombe kimoja kikavu ama nipike yangu kando, mama mkwe aulize chai yake ina nini, ama nyumba nzima ya watu tisa ibadilike kwa ajili yangu. Hilo dogo langu likawa kikao. Wifi kasema lake, mume kanyamaza kama kawaida yake.

Kilichomaliza tatizo ni chupa ya pili. Shemeji alikuja nayo kutoka Darajani, ndogo, nyekundu. Chai inamiminwa humo kwanza, ndipo sukari inaingia sufuriani. Ikaitwa chupa ya mgonjwa. Siku hizi mama mkwe mwenyewe anaipitia kabla yangu, naikuta nusu. Sasa kwenye haya mazungumzo yenu ya nafsi na nguvu ya pili, aliyeshinda nani, mie au chupa?

#20 Mwalimu Hesabu

Chupa. Bila shaka yoyote, chupa.

#21 Ustadh wa Jioni

Na shemeji ana ujira wake.

#22 Dada wa Jang'ombe

Mke wa Fundi na Fundi Vespa... kuna mtu anataka kutwambia kitu?

#23 Fundi Vespa

Mafundi mji huu wamejaa. Huyo fundi mwengine.

#24 Mpemba wa Konde

Mie nataka kumpinga mtoa uzi moja kwa moja. Sigara nilipunguza miaka. Leo kumi, kesho nane, harusi ikija ishirini. Kupunguza kulikuwa ndo namna yangu ya kuendelea kuvuta bila kulaumiwa. Mwisho niliacha kwa mkupuo. Mwezi wa Ramadhani mchana huvuti, hilo kila mtu anaweza. Mwaka ule nikasema na usiku sivuti. Tarawehe nasimama natetemeka, jirani yangu kwenye safu akafikiri nina malaria. Lakini likapita.

Sasa sikilizeni hapa: halikuvuta kitu. Kahawa nakunywa vile vile, usiku nalala vile vile saa saba, mwili vile vile. Kubwa nililishinda na likakaa peke yake kama kisiwa.

#25 Nesi wa Zamu

Mpemba wa Konde ana ushahidi wa upande wake. Watafiti wa Oxford walichapisha mwaka 2016 utafiti wa wavutaji 697. Nusu waliacha kwa siku moja, nusu walipunguza kwa wiki mbili kwanza. Baada ya wiki nne, walioacha kwa mkupuo waliobaki bila sigara walikuwa 49 kwa kila mia, waliopunguza 39. Baada ya miezi sita, 22 kwa 15 na nusu. Wote walisaidiwa kwa dawa za nikotini na wauguzi, msije mkasema walikuwa na nia tu.

#26 Mwalimu Hesabu

Nesi, sawa, lakini usiishie hapo. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019 yaliyokusanya tafiti nyingi za namna hiyo yaliona kwa muda mrefu hakuna tofauti ya wazi kati ya kupunguza mpaka kuacha na kuacha mara moja.

#27 Mpemba wa Konde

Mwalimu, tafiti zako waulizwa watu wa Oxford. Mie nakwambia ya Konde.

#28 Ustadh wa Jioni

Ramadhani isichukuliwe kama ni mkupuo wa mtu mmoja. Mji mzima unageuka. Mkahawa mchana umefungwa, aliyezoea kukuita kwenye kahawa na yeye kafunga, chakula kina saa yake, hata ugomvi unapungua sauti. Mtu anabebwa. Idi ikishapita mji unarudi ulivyokuwa na yeye anarudi nao. Tazama funga ya sita za Shawwal, baada ya Idi. Ni siku chache, hakuna anayekubeba, na nyumba inanukia pilau. Waliojaa msikitini usiku wa 27 hapo huwaoni. Kwa mtazamo wangu hapo ndipo penye kipimo, mtu akiwa peke yake.

#29 Mke wa Fundi

Ustadh, kwa hiyo na wewe unakubali kuwa ni chupa.

#30 Ustadh wa Jioni

Sikusema hivo. Nimesema mtu anabebwa. Kubebwa nako kunataka mtu apande.

#31 Dada wa Jang'ombe

Tuje kwenye pesa maana ndo penye ushahidi. Mwaka juzi nilifanya ile ya wiki 52. Wiki ya kwanza unatia kibubuni shilingi 1,000, ya pili 2,000, unapanda hivo mpaka wiki ya mwisho 52,000. Unaanza na kitu ambacho hata mtoto wa skuli anacho, ukija kushtuka una milioni moja na laki mbili.

#32 Mwalimu Hesabu

52 mara 53, gawa kwa 2, mara elfu moja. Ni 1,378,000.

#33 Dada wa Jang'ombe

Basi kuna mtu kafungua kibubu changu.

#34 Fundi Vespa

Hahahaha. Anza na wanaojua kilipo.

#35 Mpemba wa Konde

Hesabu ile imepandwa kichwa chini. Wiki nne za mwisho peke yake zataka 202,000, na hapo ni Disemba, Januari inakuja na sare, viatu na madaftari. Mwenye duka angeanza na 52,000 akashuka. Uchungu mwanzo, mwisho unatia elfu elfu huku unapiga mluzi. Kwa hiyo tena naona kubwa mbele, dogo nyuma.

#36 Mwalimu Hesabu

Kuna jaribio linalomsaidia mtoa uzi, nililisahau. Mwaka 2006 Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha jaribio la kadi za kuoshea magari, kadi 300. Kadi moja ina vyumba 8 vya muhuri, ukivijaza unaoshewa bure. Nyengine ina vyumba 10, lakini unapewa na mihuri miwili imeshapigwa. Kazi ni ile ile, mara nane. Waliopewa kadi tupu waliomaliza ni 19 kwa mia. Waliopewa ile iliyoanzishwa ni 34 kwa mia. Mtu akijiona ameshaanza, anakazana. Labda kitanda hakivuti chochote, ni mihuri miwili tu.

#37 Fundi Vespa

Ndo maana marehemu bibi hakumpa mtoto kibubu kitupu hata siku moja. Anatia sarafu mwenyewe, anakitikisa sikioni mwa mtoto, halafu ndo anakukabidhi.

#38 Mzee wa Maskani

Nimewaacha museme, sasa na mie niseme. Nyinyi mnapongezana. Hapa maskani kwetu vijana wanaamka mapema vizuri tu, na wanasali, na vitanda vimetandikwa na mama zao wanashukuru. Halafu? Saa mbili wako hapa barazani na mie mpaka adhuhuri. Dogo la mtoa uzi limevuta kwa sababu lilikuwa na pa kuvutia. Ana kazi, ana mwenye funguo wa kumtangulia, ana mshahara wa kupunguzia deni. Mpe asubuhi hiyo hiyo kijana asiye na pa kwenda, itakuwa ni asubuhi ndefu tu.

Msimu wa karafuu ukifika Pemba waangalieni wale mnaowaita wavivu. Jua halijatoka wako juu ya mkarafuu na pakacha. Nani kawafundisha tabia? Jioni pishi zinahesabiwa na pesa inaingia mkononi.

#39 Mpemba wa Konde

Mzee shikamoo. Isipokuwa Pemba hatuna wavivu, tuna waliopumzika.

#40 Mzee wa Maskani

Marhaba. Wamepumzika sana.

#41 Nesi wa Zamu

Mzee kagusa pabaya na hakuna atakayemjibu. Lakini nina suali kwa Mwalimu. Msimu mzuri wa karafuu unaweza kwenda miezi mitatu. Hiyo ni zaidi ya siku 66 zako. Kila siku kabla ya jua, jambo lile lile. Mbona msimu ukisha tabia haibaki? Mwezi mmoja baadae mtu yule yule analala mpaka saa tatu.

#42 Mwalimu Hesabu

Nimekaa na hili tangu jana. Jawabu la wasomaji wa tabia ni kwamba tabia inafungwa na kichocheo chake. Gari la wachumaji likipiga honi mtu anaruka. Honi ikinyamaza, na mwili unanyamaza.

#43 Nesi wa Zamu

Kwa hiyo honi ndo iliyokuwa na tabia.

#44 Mwalimu Hesabu

Sijafika huko. Na kuna jengine linalomuunga mkono Mzee. Teresa Amabile na Steven Kramer walikusanya shajara za kila siku za wafanyakazi 238, karibu maandiko 12,000 ya siku moja moja, wakachapisha kitabu mwaka 2011. Kilichoonekana zaidi kwenye siku nzuri ni kupiga hatua mbele, hata ndogo, katika kazi yenye maana kwa mwenyewe. Wanaokariri utafiti ule wanaishia kwenye "hata ndogo". "Yenye maana" wanaiacha njiani.

#45 Fundi Vespa

Niwape upande wa pili wa huo ushindi mdogo, maana mie nausherehekea kila siku. Naamka, napanga spana kwa saizi, nafuta kisanduku cha plagi mpaka kinang'aa, nafagia karakana, nanyunyiza maji vumbi litulie. Nikimaliza najiona nimefanya kazi kubwa, nakaa nakunywa chai. Siku nilizopanga spana vizuri ndo siku Vespa ya mteja inalala haijafunguliwa. Dogo langu linavuta kweli. Linavuta kiti.

#46 Mke wa Fundi

Kisanduku cha plagi cha kijani?

#47 Fundi Vespa

...

#48 Dada wa Jang'ombe

Nilisema mie!

#49 Nesi wa Zamu

Fundi hauko peke yako. Ayelet Fishbach na Ravi Dhar walilijaribu mwaka 2005. Watu waliokuwa wakipunguza unene walipooneshwa kuwa wamepiga hatua nzuri, wengi zaidi walichagua chokoleti kuliko tufaha. Hatua ikawa ruhusa.

#50 Mtu wa Bara

Wakuu mnanichanganya. Hatua inasukuma au inaruhusu?

#51 Mpemba wa Konde

Karibu Zanzibar.

#52 Bi Mwani wa Paje

Mie namuuliza Mwalimu. Hizo 66, kwangu mie zihesabiwe kwa siku au kwa mabamvu?

#53 Mwalimu Hesabu

Bi mkubwa, mabamvu 66 ni karibu miaka miwili na miezi minane. Watu wale 96 hawakuwa wakiishi kwa maji kupwa na kujaa, kwa hiyo namba yao isikutishe wala isikupe moyo.

#54 Bi Mwani wa Paje

Basi na mie nisiwangoje. Kamba zangu zinakazwa.

#55 Kijana wa Kwerekwe

Ahsanteni. Nilikuja na suali moja nina matano. La Mzee #38 limenikaa, kwa sababu ni kweli, kama nisingekuwa na pa kwenda saa mbili sijui kama ningeendelea kuamka. Lakini kazi nilikuwa nayo na mwaka juzi, na mwaka juzi nilikuwa naingia saa tatu kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo kazi peke yake haijibu. Na la chupa halijibu, maana kwangu hakuna aliyeniletea chupa.

#56 Mke wa Fundi

Umesema unaamka na nyumba nzima imelala. Nyumba iliyolala ndo chupa yako. Waamke wote saa hiyo uone kama utafagia.

#57 Kijana wa Kwerekwe

Hilo sikulitia maanani. Shemeji yangu anakuja na watoto wanne wiki ijayo, tutaona.

#58 Mpemba wa Konde

Nyote mwazunguka. Upatu haujali kama una nia, huna nia, umetandika, hukutandika. Siku ya kutoa ikifika unatoa, kwa sababu kuna mtu barazani anakusubiri. Watu wasio na nidhamu yoyote wamejenga nyumba kwa upatu, wenye nidhamu ya kibubu wameibiwa na wajukuu.

#59 Mke wa Fundi

Bahati nzuri umelitaja. Huku kwetu tunaanza mwezi mpya. Watu kumi, elfu ishirini kwa wiki, zimebaki nafasi mbili.

#60 Dada wa Jang'ombe

Moja yangu. Nataka kupokea mwanzo.

#61 Mpemba wa Konde

Kijumbe nani? Nikimjua kijumbe ndo nasema.

#62 Mke wa Fundi

Mama mkwe.

#63 Fundi Vespa

Jamani, huyo hata mie mwanawe ananidai.

#64 Mpemba wa Konde

Niandike.